Mzee, bima ya gari lako inamlinda nani?

MTU akistaafu, matumizi mengi ya nyumbani hupunguzwa. Gari nalo haliponi. Safari hupungua, mafuta hununuliwa kwa kipimo, na bima inapofika mwisho mzee humwendea wakala na kumwambia: "Nipe ile ya bei ya chini kabisa. Siku hizi silitembezi sana." Wakala humpa, naye mzee hurudi nyumbani akihesabu pesa alizookoa.

Msomaji mpendwa, kabla hujafanya hivyo wewe au mzazi wako, hebu tuulizane: bima hiyo ya bei ya chini inamlinda nani?

Sheria ya Kenya kuhusu bima ya magari, ile Sura ya 405, inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule uliyemgonga. Kwa hivyo bima hii ni ya mwenzako wa barabarani. Gari lako likiibwa, likiungua au likibingirika mtaroni, kampuni haikulipi hata ndururu.

Bima kamili ndiyo inayomfidia mtu wa tatu na wakati huo huo kukufidia wewe kwa gari lako.

Bei zake

Watoto walioko Uingereza huenda wakakuambia kwamba huko umri wa dereva huamua sana bei ya bima, na kwamba leseni huhitaji kufanywa upya dereva anapofika miaka 70. Hapa kwetu, kinachotazamwa kwanza ni thamani ya gari, kazi linayofanya na historia yako ya ajali. Kwa hivyo usimkubali wakala anayekutajia bei ya juu kwa kuwa tu una mvi. Mwulize sababu, kisha ulizia kwa kampuni nyingine mbili au tatu.

Tuseme gari lako lina thamani ya Sh800,000 na kampuni inataka asilimia 5. Utalipa Sh40,000 kwa mwaka. Ongeza ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2 ya malipo hayo, mchango wa hazina ya kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa Sh40. Jumla ni Sh40,220. Bima ya mtu wa tatu kwa gari la kibinafsi mara nyingi haifiki hata robo ya pesa hizo.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu wa pensheni, sikatai. Lakini swali la kujiuliza ni hili: gari hili likipotea usiku wa leo, ninaweza kununua jingine? Ulipokuwa kazini ungekopa kwenye chama cha ushirika na kulipa kwa mshahara. Leo mshahara hakuna, na kiinua mgongo hakiji mara ya pili. Ikiwa gari ndilo linalokupeleka kliniki na sokoni, na huna akiba ya kununua jingine, bima kamili si anasa. Ikiwa gari ni kuukuu, lenye thamani ya pesa chache ambazo unaweza kuzikosa bila kuumia, basi ya mtu wa tatu yatosha. Isitoshe, kampuni nyingi hazipendi kutoa bima kamili kwa gari lililopita miaka 15 hivi.

Usidanganye kuhusu thamani. Ukiitaja ya chini ili ulipe kidogo, fidia nayo itakatwa kwa kiwango hicho hicho. Ukiitaja ya juu, utalipia hewa, kwani kampuni hulipa bei ya gari sokoni siku ya hasara. Peleka gari likadiriwe.

Maandishi madogo

Hata bima kamili ina sehemu unayojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chake. Tuseme mkataba unasema utabeba asilimia 10 gari likiibwa. Kwa gari letu la Sh800,000, Sh80,000 ni zako. Mara nyingi sehemu hiyo huwa kubwa zaidi ikiwa gari halina kifaa cha kulifuatilia likiibwa. Aidha, iko nyongeza unayoweza kununua ili kampuni ikubebee mzigo huo, na nyingine ya hasara itokanayo na ghasia za kisiasa na ugaidi. Waliochomewa magari wakati wa maandamano ya 2024 walijua siku hiyo kama nyongeza hiyo ilikuwa kwenye mikataba yao.

Uliza pia ni nani wanaoruhusiwa kuendesha. Mjukuu aliyepata leseni juzi akichukua gari wakati wa Krismasi na kuligonga, mikataba mingi hukutoza zaidi kwa sababu dereva ni mchanga.

Na hali yako ya afya je? Fomu ikiuliza kuhusu macho, kisukari au moyo, jibu kweli. Ukificha, kampuni inaweza kukana mkataba siku unapouhitaji, na malipo yako ya miaka mingi yawe yamekwenda na maji.

Jambo jingine ni kazi ya gari. Wastaafu wengi huanza kubeba maziwa ya majirani kwa malipo, au hutia gari kwenye biashara ya teksi. Ikiwa mkataba unasema gari ni la matumizi ya kibinafsi, basi siku ya ajali uko peke yako. Waarifu kwanza, ulipe inavyostahili.

Wale unaowabeba

Hapa ndipo wengi hukosa kuangalia. Sheria haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kuwawekea bima abiria anaowabeba bila malipo. Mke wako, wajukuu, na wale kina mama unaowapa lifti kutoka kanisani au msikitini huenda wasiwe na kinga yoyote isipokuwa mkataba wako umewataja abiria. Soma mstari huo kabla hujatia sahihi.

Tena, sheria hailazimishi kampuni kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Mahakama ikiamua Sh5 milioni, Sh2 milioni zinaweza kutafutwa kwako. Mzee asiye na mshahara hutafutiwa wapi? Kwenye shamba na nyumba. Uliza kampuni kama mkataba wake unapita kiwango hicho.

Mwisho, tazama kampuni yenyewe. Kenya National Assurance ilianguka 1996, United Insurance ikawekwa chini ya msimamizi 2005, na Blue Shield ikafuata 2011. Walioumia ni wenye bima waliokuwa wamelipa vizuri. Hakikisha kampuni imepewa leseni ya mwaka huu na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na pesa zako ziingie katika akaunti ya kampuni, zisiishie mfukoni mwa mtu. Ukilipa kwa mwezi, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, kwani kuendesha gari bila bima ni kosa la jinai, hata kama unakwenda dukani tu.

Basi juma hili, toa mkataba wako kabatini. Keti na mwanao au mtu unayemwamini, msome pamoja, na pale msipoelewa mpige simu kuuliza. Andika majibu na jina la aliyekujibu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na mzee anayeuliza leo hataombaomba kesho.