Range ya Kukodi Haifanyi Video Iwe Kali

Wasee, mtanikasirikia lakini lazima niseme: video nyingi za muziki hapa Nairobi ni tangazo la gari ya kukodi. Msanii ameegemea Range, madem watatu nyuma, nyumba ya wenyewe. Ukizima sauti huwezi jua ni wimbo gani.

Sasa cheki "APT." ya Rosé na Bruno Mars, ya Oktoba 2024. Watu wawili, ukuta wa pinki, ngoma, jaketi za ngozi. Basi. Wimbo umetokana na mchezo wenye Wakorea hucheza wakikunywa, kwa hivyo hao wawili wanacheza kama mabeshte, na unatamani ungekuwa hapo. Na usiniambie walikosa doh.

Mnasema hiyo ni ya majuu? Sawa. 2018, Ethic wakatoa "Lamba Lolo". Vijana wa Umoja, mtaa wao, nguo zao. Nchi nzima ikaamka, na Gengetone ikapata njia.

Hii kitu inaniuma juu nilishawahi kushika taa kwa shoo ya video kutoka asubuhi hadi usiku. Mwenye gari alilipwa kabla hajawasha injini. Mimi na msee wa kamera tukaambiwa tutapata jina. Jina halilipi matatu. Nilitembea hadi nyumbani.

Kwa hivyo msanii, ukiwa na elfu hamsini, lipa msee wa kamera, lipa wa kuedit, lipa wa taa. Ikibaki kitu, kodi gari. Isipobaki, kuja na mat kama sisi wengine, na ushoot hapo hapo ndani.