Pwani haina watu? Muulizeni mvuvi kwanza

Siku nyingi sijaandika, mnisamehe, UE ilinibana kweli kweli. Leo nina la moyoni.

Hapa hosteli tuko watano tuliochangishana hela za boom tangu mwezi wa tatu ili tukimaliza mitihani, kabla ya kwenda TP, twende baharini kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao. Mchezo huu ulianza kuchezwa Olimpiki mwaka 2021 kule Japani, 2024 ukachezwa Tahiti, na washkaji walipoona zile video wakapagawa kabisa. Coco Beach hawaitaki, wanasema Jumapili ni kama stendi. Paje nako kumejaa wale wanaovutwa na matiara. Wakachagua pwani ya kusini mwa Kigamboni, upande wa Kimbiji: "Kule hakuna watu, mawimbi yote yetu!"

Mweka hazina ni mimi, na mpaka leo hela ya ubao sijatoa. Nimeshaitwa mnoko, mwoga, na ticha kabla ya cheti. Sasa acheni nijitetee.

Mwaka wa kwanza nilizolewa na maji pale Coco. Mimi mtu wa Singida, maji mengi niliyoyajua ni ya kisimani. Yalikuwa yamenifika kifuani tu, lakini yaliporudi yalinivuta miguu, nikawa napiga mikono hovyo, pumzi hamna. Aliyenitoa ni dogo wa miaka kama kumi na mbili. Alinishika mkono akasema, "Dada usishindane nayo, twende pembeni." Tukaenda kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka ule mkondo ukatuachia. Hata jina lake sikuuliza, nilikuwa nalia.

Hiyo ni pwani iliyojaa watu jamani. Kwenye pwani isiyo na watu angenishika mkono nani? Katika sisi watano anayejua kuogelea ni mmoja, na yeye alijifunzia mtoni.

Jumamosi iliyopita nikaamua kwenda kuona mwenyewe. Mimi na rafiki yangu tulivuka na pantoni, tukapanda daladala, tukamalizia na bodaboda hadi kwenye diko la wavuvi. Tulimkuta mzee mmoja anashona nyavu. Nikamwamkia, nikamweleza tunatafuta sehemu isiyo na watu. Akacheka. "Mwanangu, kwani sisi hapa ni kaa?"

Aibu niliyoiona sisemi. Lakini hakukasirika, alituelekeza vizuri tu. Alisema kipindi hiki cha kusi bahari inakuwa kubwa, ila mchana upepo unaivuruga. Mwenye akili anaingia alfajiri, umande ukiwa bado unavuma kutoka bara. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa karibu saa kumi na kukauka karibu saa nne, kwa hiyo pale ulipoona kina asubuhi, baadaye unakuta mwamba umetoa meno. Akatuonyesha mlango wa ngalawa, yaani njia wanayopitia kutoka na kurudi. Mtu na ubao wake akikaa pale anagongwa, au anakata nyavu za watu. Kuna na fukwe huko ambazo kasa wanataga mayai, usiku hawataki kelele wala taa.

Nilisikiliza nikajionea huruma. Kidato cha sita Jiografia nilikariri mawimbi yanayojenga na yanayobomoa, nikapata A. Kesho nitasimama darasani nichore wimbi ubaoni. Na lenyewe lilishataka kuniua nikiwa nasimama kwenye mchanga!

Hoja yangu ni hii: tukisema pwani haina watu tunamaanisha haina watu kama sisi. Wenyewe wapo, wanaijua, na siku ukizama hao ndio watakaoshusha ngalawa kukutafuta. Halafu unafika kwao hujabisha hata hodi? Safari haianzi kwenye kununua ubao, inaanzia kwa hao watu.

Najua mtasema mnataka uhuru, mmechoka kupangiwa ratiba. Hata mimi nimechoka, na hamu ninayo, naota mawimbi usiku. Lakini uhuru wa kumpigia simu mama yake mtu kumwambia mwanao amezama, mimi siutaki.

Kwa hiyo masharti yangu ni matatu. Moja, wiki mbili za kujifunza kuogelea, wote, na mimi nikiwa wa kwanza. Mbili, tuonane na mwenyekiti wa mtaa na wale wavuvi, na sehemu ya hela tuliyochanga impe kijana wa pale kazi ya kututazama tukiwa majini. Tatu, tuazime au tukodi ubao mmoja wenye kamba ya mguuni, tupokezane. Mmoja akiwa majini wanne wanamwangalia. Ubao wa kununua tutaujadili mwakani.

Mkikataa, kila mtu nitamrudishia chake, shilingi kwa shilingi, na urafiki ukifa basi nitalia kama nilivyolia Coco. Hela ipo, sijala hata mia.

Naomba kuwasilisha.