Wembe si mbolea

Ukipita mtaani kwetu Goba mwezi Februari utakuta miche ya nyanya iliyonyolewa. Sitanii. Shina limesimama kama fito, juu kabisa pamebaki kishungi cha majani mawili matatu, na katikati yananing'inia matunda mabichi, wazi, kama watoto waliotolewa nje bila shati. Mwenye bustani yuko pembeni, mkasi mkononi, anakutazama akingoja sifa. Ukimuuliza kulikoni, atakujibu kile ambacho wote wanajibu: majani yanakula chakula cha matunda, halafu nyanya isipopigwa na jua haiivi.

Nimechoka kunyamaza. Imani hii inaharibu nyanya nyingi za uani kuliko hata kantangaze, na kantangaze walau tunampulizia dawa.

Sisemi kwa kumcheka mtu, maana nilikuwa muumini. Msimu wangu wa kwanza nilipanda miche 20 ya Tanya nyuma ya nyumba, nikanunua mkasi kabla ya kununua samadi. Miche ilipofunga matunda, nikaona majani mapana yameyafunika, nikasema hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Jumamosi moja asubuhi nilikata mpaka vidole vikawa vya kijani kinachoelekea weusi. Nilipovinawa, povu la sabuni likageuka njano. Wiki moja baadaye, kila tunda lililotazama jua la alasiri lilikuwa na baka jeupe begani. Ukiligusa, ni laini. Siku chache mbele baka likakauka, ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikabonyea ndani, kisha ukungu mweusi ukaja kumalizia. Nilikwenda dukani kutafuta dawa ya ugonjwa huo. Kijana wa duka akaniuza dawa, nami nikapuliza, na haikusaidia kitu, kwa kuwa haukuwa ugonjwa. Mabwana shamba wanaita kubabuka kwa jua. Nilitegemea ndoo mbili kubwa nikaambulia sado moja, na nusu yake ilikuwa ya kukatakata na kutupa upande.

Tuanze na huo ulafi wa majani. Mmea hauli mbolea kama sisi tunavyokula ugali. Samadi, DAP, urea, hivyo vyote kwa mmea ni chumvi na viungo: bila hivyo chakula hakinogi, lakini chakula chenyewe hakimo humo. Chakula ni sukari, na sukari hupikwa ndani ya jani, kwa maji yaliyopanda kutoka mizizini, hewa iliyoingia kwenye vitundu vya jani, na mwanga wa jua. Hakuna jiko jingine la kutegemea. Tunda bichi lina ukijani kidogo na hujipikia kidogo, ila sehemu kubwa ya utamu wake na uzito wake huletewa. Anayekata jani pana la kijani ili tunda lishibe amemfukuza mpishi ili wageni wale vizuri.

Ukweli ni kwamba yapo majani yanayokula. Jani changa kabisa huanza kwa kulishwa na wenzake mpaka likue kiasi. Na jani zee la chini, lililofunikwa mpaka likaanza kuwa njano, halina tena mchango wa maana. Lakini angalia watu wanakata lipi. Jani changa hawaligusi, wanalionea huruma. La njano mara nyingi lishaanguka lenyewe. Mkasi huenda moja kwa moja kwenye jani kubwa, la kijani kilichoiva, lililo karibu na kishada cha matunda, kwa kosa moja tu: linaziba.

Kama ubishi bado upo, nenda Tabora ukamtazame mkulima wa tumbaku. Tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili na viazi mviringo. Mkulima wa tumbaku anataka jani, basi hukata ua na kung'oa vichipukizi, na jani hunenepa kwa sababu mlaji ameondolewa. Watu wa mjini ni kama wameisikia habari hiyo nusu wakaigeuza: kama kukata ua kunanenepesha jani, basi kukata jani kutanenepesha tunda. Inaingia akilini vizuri, kasoro yake ni kwamba ua na tunda ni walaji na jani ni mpishi. Hawabadilishani zamu.

Na jua? Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwani sisi ndio tuliopaswa kulijua hili kabla ya watu wengine. Bibi zetu walivundika ndizi. Wengine walichimba shimo, wakatandika majani ya mgomba, wakapanga mikungu na kufukiza moshi kidogo, wakafukia. Baada ya siku chache zinatoka za njano, tamu. Jua gani lilifika mle shimoni? Tunda huivishwa na gesi linayoitoa lenyewe, ethilini, pamoja na joto la wastani. Chukua nyanya iliyoanza kupata rangi ukaifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, uutupe kabatini. Itaiva gizani bila kukudai chochote.

Joto likizidi, mambo yanakwenda kinyume. Wekundu wa nyanya unatokana na kitu kiitwacho likopeni, na utengenezaji wake huzorota tunda linapopita nyuzijoto 30 na kidogo. Dar es Salaam ya Februari hewa tu iko hapohapo. Tunda lililo wazi juani huwa na joto zaidi ya hewa, hata kwa nyuzi 10 na zaidi. Ndiyo maana nyanya zilizonyolewa huwa na mabega ya njano yasiyokubali kuwa mekundu, na mwenye bustani, kwa kuona hazijaiva, anarudi na mkasi kukata yaliyobaki.

Nimejiuliza imani hii ilitoka wapi, maana wazee wetu hawakuwa nayo. Aliyechuma sukuma wiki au kisamvu alijua kutomaliza: chuma hapa, hamia pale, acha mti upumue. Nadhani imeingia kwa simu. Kuna video nyingi za vitalu nyumba vya Uholanzi, na humo kweli wafanyakazi hutoa majani ya chini kila wiki. Lakini tazama wanachokifanya. Wanalima aina ndefu, inayopanda kwenye kamba msimu mzima, shina likifika mita 10 na kupita huku likilazwa chini taratibu. Majani wanayotoa ni yale yaliyo chini ya vishada vinavyovunwa, ambayo mwanga haufiki. Juu wanabakiza majani kama 15 yanayofanya kazi. Na wako karibu na nyuzi 52 kaskazini ya ikweta, ambako mwanga hutafutwa hadi kwa taa. Sisi tuko karibu na nyuzi 7 kusini. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba. Kuiga mkasi wa Uholanzi hapa ni kama kuvaa koti la baridi Kariakoo kwa kuwa umeliona limempendeza mtu kwenye picha.

Isitoshe, Tanya, Cal J na Rio Grande, ambazo wengi wetu tunapanda uani, ni aina fupi. Zinakua mpaka kimo fulani, zinatoa maua na kusimama. Jani ulilokata limekwenda moja kwa moja, kwa kuwa mmea hauna mpango wa kuendelea kupanda juu na kuotesha mengine. Mwenye Anna F1 kwenye kitalu ana hoja ya kutoa vichipukizi vinavyoota kwenye makwapa ya majani, na kupunguza ya chini mavuno yanapopanda. Mwenye Tanya kwenye ndoo za rangi hana hoja hiyo.

Kuna pia wanaochanganya kunyoa na kudonoa ncha. Mama yangu alidonoa ncha za mboga ya maboga, na mtambaa ukatoa matawi ya pembeni. Hilo ni kweli na lina sababu: ncha hutoa homoni inayoyazuia macho ya pembeni yasichipue, ukiiondoa yanapata ruhusa. Lakini mama alidonoa ncha. Hakuchukua wembe akayapitia majani makubwa.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Ujerumani, ambako tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa na sheria kuotesha miche 3 ya bangi nyumbani kwake, wanaoanza nao hushikwa na hamu hiyohiyo ya kunyoa majani mapana ili maua yapate mwanga, wakisahau kwamba ni majani hayo yanayoyalisha maua. Kwetu bangi ni kesi mahakamani, lakini mkono wa mwanafunzi wa bustani unafanana popote. Unataka kufanya kitu. Kumwagilia kila siku kunachosha na hakuna anayekusifu. Mkasi unaonyesha matokeo papo hapo.

Je, usikate kabisa? Kata. Jani linalogusa udongo litoe, kwa sababu tone la mvua au la kopo la kumwagilia hurusha matope yenye vimelea vya bakajani juu yake, na kutoka hapo ugonjwa hupanda ngazi. Jani lenye mabaka litoe, lipeleke mbali, usilitupe chini ya mche uleule. Wakati wa masika, mche uliosongamana sana upunguze kidogo katikati ili hewa ipite na majani yakauke upesi. Fanya hivyo asubuhi siku kavu, jeraha lipate kukauka. Na kama wewe ni mvuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kwanza: kuna kirusi cha tumbaku kinachosafiri kwenye vidole na kuingia nyanya kupitia vidonda hivyohivyo unavyovifungua. Mkasi uliotoka kwenye mche mgonjwa nao ufute kabla hujaupeleka kwa mzima. Kazi yote hiyo, kwa miche 20, haizidi robo saa kwa wiki. Ukijikuta umejaza karai la majani mabichi, umepitiliza.

Mwaka huu miche yangu imeachwa na nywele zake. Jirani alipita Jumapili, akaegemea ukuta, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi nyanya zako zitaivia wapi humo ndani?"

Nikamwambia ainue jani lolote. Akainua. Chini yake kulikuwa na kishada cha matunda manne, mawili mekundu mpaka begani, hayana baka. Akakirudishia jani lake polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Tukazungumza habari za maji ya bomba, akaenda.

Leo asubuhi nimemwona tena na mkasi. Safari hii yuko kwenye biringanya.