Hoja Tano Zinazoziponza Tovuti za Watalii Lushoto

Mgeni anayetaka kusimama Irente, kulala Mtae au kuvuka msitu wa Magamba siku hizi huchagua nyumba ya kulala na mwongozaji kabla hajafika Mombo. Tovuti anazozipitia kwa kawaida hujengwa kwa mifumo kama WordPress, Joomla au Drupal, na mifumo hiyo yote ina mahali pa kupakia faili. Wadukuzi wanapajua vizuri. Wenye tovuti nao hujipa moyo kwa hoja hizi, na zote hazina mashiko.

"Sisi wadogo, nani atuhangaikie?" Roboti za wadukuzi haziulizi ukubwa. Septemba 2020 ilipobainika kasoro katika File Manager, programu-jalizi ya WordPress iliyotumiwa na tovuti zaidi ya 700,000, hata tovuti zisizokuwa nayo zilipekuliwa. Wala wadukuzi hawalazimiki kuchagua tovuti moja moja: Januari 2012, mdukuzi mmoja wa Indonesia alivamia tovuti 103 za Serikali ya Kenya kwa usiku mmoja.

"Nenosiri letu ni gumu." Kasoro ile ya File Manager haikudai nenosiri. Mvamizi alipakia faili la PHP (lugha ya programu inayoendesha mifumo hii), akalifungua kwa kivinjari, seva ikatekeleza amri zake. Kuizima programu-jalizi pia hakukutosha, kwani faili lenye kasoro lilibaki kwenye seva. Ilibidi kusasisha hadi toleo la 6.9 au kuifuta kabisa.

"Fomu yetu inapokea picha tu." Hii ndiyo inayoponza wengi. Ukaguzi ukifanyika ndani ya kivinjari, mvamizi huukwepa kwa kutuma faili moja kwa moja kwa seva. Aina ya faili nayo hutajwa na mtumaji mwenyewe, hivyo anaweza kuiita programu picha. Kukataa majina yanayoishia na .php hakutoshi: mwaka 2013 Joomla ililazimika kutoa matoleo ya 2.5.14 na 3.1.5, baada ya kugundulika kwamba nukta moja mwishoni mwa jina ilipitisha faili lililokatazwa. Kinachofaa ni kutaja aina chache zinazoruhusiwa, seva ichunguze yaliyomo na kulipa faili jina jipya. Muhimu zaidi, folda ya upakiaji izuiwe kuendesha programu yoyote. Hapo faili baya likipenya, halitakuwa na la kufanya.

"Anwani yetu ina kufuli." Kufuli ni alama ya HTTPS, ambayo hulinda data ikiwa njiani. Haichunguzi kilichomo ndani ya faili.

"Tukivamiwa tutarudisha nakala." Nakala hiyo huenda tayari ina faili la mvamizi. Na picha za pasipoti ambazo wageni walizipakia zikishaibwa, hazirudi. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Mwite aliyekujengea tovuti wiki hii, umuulize: folda ya upakiaji inaendesha PHP? Programu-jalizi zisizotumika zimefutwa? Masasisho yanafanywa na nani? Akikosa jibu la swali lolote, ifunge fomu ya kupakia faili hadi alipate.