Kazi hugawiwa, muhuri haugawiwi

MFANYABIASHARA anayejenga Kariakoo huulizia bei ya saruji na nondo katika maduka matatu kabla ya kutoa fedha. Ni wachache wanaouliza nani aliyepiga hesabu ya nondo hizo, na kama sheria inamruhusu kufanya kazi hiyo. Kwa maoni yetu, swali hili la pili ndilo lenye fedha nyingi zaidi ndani yake.

Mambo huenda hivi. Mwenye kiwanja huingia mkataba na kampuni ya wahandisi washauri yenye jina. Kampuni hiyo, ama kwa kuzidiwa na kazi ama kwa kukosa mtaalamu wa fani husika, huikabidhi sehemu ya kazi kwa kampuni nyingine. Hiyo nayo yaweza kumpa mtu wa tatu. Mwishowe michoro hurudi kwa njia ile ile, hupigwa muhuri, na mteja hulipa akiamini kwamba kazi imefanywa na yule aliyesaini naye.

Kugawa kazi si kosa. Ni kampuni chache zenye wataalamu wa udongo, zege, chuma na umeme chini ya paa moja. Kosa huanza pale mteja anapofichwa, pale aliyepewa kazi anapokuwa hana usajili, na pale mwenye muhuri anapougonga juu ya hesabu asizozipitia.

Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Na. 15 ya mwaka 1997, inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mgeni anayekuja kwa mradi mmoja naye ana usajili wake wa muda. Mhitimu wa chuo pia ana orodha yake, na kazi yake hutakiwa kusimamiwa na aliyemtangulia. Makandarasi nao wana sheria yao, Na. 17 ya mwaka huo huo, inayowapanga katika madaraja, na kila daraja, isipokuwa lile la juu kabisa, lina kikomo cha thamani ya kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inalipwa Sh. milioni 20 kwa usanifu wa jengo. Inamkabidhi mwingine kwa Sh. milioni 8, naye anamtafuta kijana wa kuchora kwa Sh. milioni 2. Mteja amelipia utaalamu wa milioni 20, lakini jengo limepata wa milioni 2. Tofauti hiyo ingekuwa halali kama ingelipia usimamizi na ukaguzi. Isipolipia hivyo, ni kodi ya muhuri tu.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba bila hivyo gharama zitapanda na vijana hawatapata uzoefu. Hoja ya vijana ni ya kweli, lakini uzoefu hupatikana mbele ya msimamizi, si nyuma ya muhuri wa mtu ambaye kijana hajapata kumwona. Ama kuhusu gharama, tuangalie yaliyotokea katika nchi yenye bodi za wahandisi za miaka mingi kuliko yetu.

Tarehe 17 Julai, 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya watembea kwa miguu yaliyoning'inia ndani ya ukumbi yalianguka juu ya watu waliokuwa kwenye dansi. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 waliumia. Hoteli ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Katika usanifu wa awali, fimbo moja ya chuma ilitoka darini, ikapita kwenye daraja la juu na kushika la chini. Baadaye fimbo hiyo ikagawanywa kuwa mbili, na daraja la chini likaning'inizwa kwenye lile la juu. Badiliko hilo lilionekana dogo, lakini liliongeza maradufu mzigo kwenye kiungo cha daraja la juu. Mwenye kandarasi ya chuma alikuwa amewapa wengine kazi ya kuchora michoro ya karakana. Michoro ikarudi kwa wahandisi, ikapitishwa na kupigwa muhuri, bila mtu kukokotoa upya kiungo kile.

Baada ya ajali kila upande ulidhani kwamba hesabu hiyo ilikuwa kazi ya upande wa pili. Utetezi huo haukukubaliwa. Wahandisi wawili, aliyeweka muhuri na msaidizi wake aliyesimamia mradi, walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi wa bodi. Fidia ilifikia mamilioni ya dola.

Hapa kwetu, tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa kugawa kazi. Tunasema kwamba aliyelipa kilemba cha fremu, akajaza mzigo wa mkopo dukani, hana njia ya kuokoa mtaji wake jengo likishaanguka. Kinga yake ni maswali anayouliza kabla.

Kwa hiyo, anayejenga au kuchangia ujenzi aweke mambo manne kwenye mkataba. Kwanza, jina na namba ya usajili ya mhandisi atakayesaini, naye aithibitishe kwa Bodi yeye mwenyewe. Pili, kazi isigawiwe kwa mwingine bila idhini yake ya maandishi. Tatu, kila badiliko la mchoro liwe na hesabu yake na saini ya mwenye muhuri. Nne, sehemu ya malipo izuiwe mpaka hayo yatimie.

Bodi nazo zina la kufanya. Kibao cha mradi kinachosimikwa mbele ya jengo huonyesha mkandarasi na washauri. Kionyeshe pia kila aliyegawiwa kazi ya kihandisi, pamoja na namba yake ya usajili. Kampuni inayogawa kazi kihalali haina cha kupoteza kwa jina hilo kusomwa na mpita njia. Itakayokataa, mwenye fedha apeleke fedha zake kwingine.