ELIMU YA MELI SI SIRI YA WAKUBWA



Kila mara chombo kinapozama, maneno ni yale yale. Abiria walikuwa wabishi. Baharia alikuwa mzembe. Bahari ilichafuka. Halafu huundwa tume, maiti huzikwa, na mambo hurudi kama yalivyokuwa. Sisi twayakataa maneno hayo. Sababu za chombo kupinduka zimejulikana kwa zaidi ya miaka 250, na mwenye chombo asiyezifuata leo hana haki ya kusingizia kudra ya Mungu.

Sikilizeni elimu yenyewe, maana si ngumu kama tunavyotishwa. Uzito wa chombo huvuta chini, maji husukuma juu. Chombo kikilala upande, maji huusukuma ubavu uliozama zaidi na kukirudisha wima. Uzito ukipandishwa juu mno, nguvu hiyo ya kurudisha hupungua, na mwisho huisha kabisa. Mfaransa Pierre Bouguer aliyaandika hayo pamoja na hesabu zake mwaka 1746. Wazee wetu wa majahazi waliyajua kwa kazi ya mikono, ndiyo sababu waliiweka farumi chini ngamani.

Basi kama elimu iko, mbona watu wanakufa? Tazameni manowari ya Waingereza iliyoitwa Captain. Aliyeibuni, Cowper Coles, alisifiwa magazetini na Bungeni. Mkuu wa wasanifu wa meli za serikali, Edward Reed, alionya kwamba chombo hicho ni cha hatari. Hakusikilizwa. Meli ilitoka kiwandani nzito kuliko michoro ilivyosema, ubavu wake ukabaki futi 6 na nusu tu juu ya maji badala ya futi 8. Mwezi wa Julai 1870 uthabiti wake ulipimwa, lakini hesabu zilikuja kumalizika meli imekwisha kwenda baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870 upepo uliipindua. Karibu watu 480 walikufa, na Coles mwenyewe akiwamo. Mabaharia wale hawakuulizwa kama wakubali kujaribiwa.

Twaambiwa hayo ni ya zamani. Haya, mwaka 1987, tarehe 6 Machi, feri Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia katika sitaha ya magari, ambayo haikuwa na kuta za kuyazuia, yakakimbilia upande mmoja. Watu 193 walikufa. Kabla ya hapo manahodha walikuwa wameomba taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Taa tu! Ofisini ombi lao lilijibiwa kwa dhihaka.

Hapa kwetu twakumbuka tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita idadi yake. Abiria ni shehena yenye miguu: wakisogea upande mmoja, uzito wote umesogea. Wako wasemao kwamba watu walijisonga wenyewe. Sisi twauliza: mfanya kazi akichelewa hukatwa mshahara, na vyombo ni vichache, je, atabaki ng'ambo akitazama maji? Kazi ya kuhesabu watu na kufunga lango ni ya mwenye chombo.

Wako pia wasemao kwamba uchunguzi wa meli ni ghali. Mbona fedha hupatikana pale utafiti unapopunguza gharama ya mafuta? Tangu William Froude alipojenga birika lake la kuvutia mifano ya meli huko Torquay, miaka ya 1870, wenye meli wamefaidi sana elimu hiyo. Lakini sheria za usalama hungoja jeneza. Mapatano ya kwanza ya mataifa, ya 1914, yalikuja baada ya Titanic kuzama 1912. Na hata hayo yaliyopo leo yahusu safari za kutoka nchi hadi nchi. Kivuko cha ndani, apandacho mtu maskini kila asubuhi, kimeachiwa nia njema ya wakubwa wa nchi.

Tena kupima uthabiti si jambo la ajabu. Chombo kikiwa kimetulia majini, uzito unaojulikana huhamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, na timazi huonyesha kimelala kiasi gani. Timazi, ile ile ya fundi mwashi! Kutoka hapo mtaalamu hupiga hesabu zake.

Kwa hiyo twataka:

1. Kila feri ipimwe hivyo inapojengwa, na ipimwe tena kila inapobadilishwa umbo au mitambo. Matokeo yabandikwe mahali pa wazi.

2. Idadi ya watu na magari iandikwe kwa herufi kubwa, na mlinzi wa lango apewe amri ya kulifunga.

3. Maserangi, makuli na mafundi wa mitambo wafundishwe elimu hii kwa Kiswahili, katika saa za kazi, bila kukatwa mshahara.

4. Baharia anayekataa kung'oa chombo kilichojazwa kupita kiasi asifukuzwe wala asihamishwe.

5. Kila tume ya ajali iwe na mjumbe wa wafanya kazi.

Ndugu, yasomeni haya katika mkutano wa tawi. Wajumbe wetu kazini waandike kila siku chombo gani kimejazwa kupita kiasi, saa ngapi, na nani alitoa amri. Tukienda mezani na daftari mkononi, hakuna atakayetwambia kwamba hatujui meli. Sisi ndio tunaozipakia, ndio tunaoziendesha, na ndio tunaozama nazo.

Umoja ni nguvu.