Tamko kuhusu Uchunguzi wa Mapema wa Saratani ya Umio na Tumbo, Zanzibar

Jumuiya hii ya watoa huduma za afya wa Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja, kwa dhamana iliyo nayo mbele ya wagonjwa, inatamka kwa wananchi na mamlaka husika kama ifuatavyo:

1. Saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea kupita kiasi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, na Tanzania imo humo. Huanza kimya. Mgonjwa anaposhindwa kumeza wali, kisha uji, kisha maji, mara nyingi wakati wa kumponya umeshapita.

2. Hatari zake zinajulikana: tumbaku, pombe, tambuu, na vinywaji vya moto unaozidi nyuzijoto 65. Kwa saratani ya tumbo, kisababishi kikuu ni bakteria wa Helikobakta pilori, ambao dawa zao zipo.

3. Korea Kusini huwapima raia wake tumbo kila miaka miwili kuanzia umri wa miaka 40. Jumuiya haidai Zanzibar iige mpango huo. Inadai ianze na wenye dalili na walio katika hatari kubwa, kwa kadiri ya wataalamu na vifaa vilivyopo.

4. Kupima ni ahadi. Anayeambiwa ana saratani ana haki ya kutibiwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Visiwani wamevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi. Uchunguzi usiozingatia nauli, makaazi na matibabu utawafaa wenye uwezo pekee, na Jumuiya haiwezi kuuridhia.

5. Kwa hiyo, Jumuiya inaiomba Wizara ya Afya Zanzibar:
(a) ihakikishe kila mwenye shida ya kumeza anapata kipimo cha kamera bila kucheleweshwa;
(b) iweke utaratibu wa rufaa ulio wazi kutoka vituo vya afya hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja;
(c) igharamie tiba na safari za watakaogundulika, hasa wasio na uwezo.

6. Kwa upande wake, Jumuiya imeazimia kwamba hakuna mwanachama atakayemrudisha nyumbani mgonjwa anayeshindwa kumeza kwa kumpa dawa za vidonda vya tumbo pekee, bila rufaa. Azimio hili linaanza kutekelezwa leo, wala halisubiri majibu ya mamlaka yoyote.